Mgogoro wa Vina na Adabu ya Kulumbana

Mwaka 1974 kilitoka Nairobi kitabu chembamba cha mashairi kiitwacho Kichomi. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa kijana wa Ukerewe mwenye umri wa miaka 30, ambaye tayari alijulikana kwa riwaya yake ya Rosa Mistika. Msomaji aliyezoea mashairi ya magazetini hakuhitaji kusoma hata neno moja ili atambue kwamba kuna jambo. Macho yalitosha. Mishororo mingine ilikuwa mirefu, mingine ya neno moja au mawili. Beti hazikulingana. Akianza kusoma, alingojea kina cha kati kisitokee, akangojea cha mwisho nacho kisitokee. Katika utangulizi Kezilahabi alieleza kwamba alichojaribu ni kutunga kwa lugha ambayo watu huitumia katika mazungumzo yao ya kila siku, na kwamba mageuzi ya aina hiyo yalikwisha kufanyika katika ushairi wa mataifa mengine.

Kezilahabi hakuwa wa kwanza. Ebrahim Hussein alikwisha kujaribu mtindo huo miaka michache kabla, na mwaka 1973 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walikuwa wametoa Mashairi ya Kisasa. Lakini Kichomi ndicho kitabu kilichowasha moto. Mabishano yaliyofuata yalidumu zaidi ya miaka 10, yakapita magazetini, vyuoni, kwenye semina na vitabuni. Leo wanafunzi wa sekondari huyasoma kama safu mbili za hoja za kukariri: wanamapokeo waliotetea vina na mizani walisema hivi, wanamabadiliko walioviacha walisema vile. Naona tunayapunja. Ndani ya mgogoro ule mna historia ya namna watu wa lugha hii walivyojifunza kubishana kwa maandishi mbele ya umma, nini kiliwafanya wasikilizane, na wapi waliteleza.

Tuanze na ukurasa wa mashairi. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza ilianzisha Dar es Salaam gazeti la Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la watawala na lilisema waliyotaka yasemwe, ila wasomaji walilipatia kazi nyingine. Makarani, walimu, mahakimu na wafanyabiashara kutoka pembe zote za Tanganyika walipeleka humo mashairi yao, na baada ya muda wakaanza kujibizana. Mmoja aliuliza swali au kutoa fumbo, mwingine akajibu kutoka mji wa mbali, wa tatu akaingilia kati kusuluhisha. Hawakuwa wameonana. Wengi hawakuonana hata mara moja maishani.

Kwa watu wasiojuana, walikuwa na taratibu za ajabu. Mtunzi hakuingia ukurasani kwa ghafla. Alipiga hodi kwa mhariri, akaomba nafasi, akasalimu wasomaji, ndipo akaeleza lililomleta. Aliyejibu alimtaja mwenzake kwa jina au kwa lakabu yake ya utunzi, akamwita ndugu, malenga au ustadhi, hata kama alikuwa anakuja kumpinga. Na zaidi ya maamkizi kulikuwa na sharti la ufundi. Mara nyingi jibu lilifuata bahari ya swali, yaani umbo lake la utungo, na mtu aliyejiamini alifuata hata vina vyake.

Nitatoa mfano wa kubuni ili mambo yaonekane. Tuseme mtunzi ameanza hivi: “Hodi hodi mhariri, nafasi ninaiomba.” Hesabu mizani: nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, nane katika utao, yaani nusu ya pili, jumla 16. Kina cha kati ni “ri”, cha mwisho ni “mba”. Shairi la tarbia lina mishororo minne kwa ubeti, kwa hiyo kila ubeti unabeba mizani 64, na kwa kawaida mishororo mitatu ya kwanza inashika vina vilevile. Sasa anayetaka kumjibu anaanza hivi: “Nami naja kwa shairi, mwenzangu hoja kupamba.” Ni mizani 16 tena, kwa “ri” na “mba” zilezile. Ili aandike mshororo huo, imembidi asome shairi la mwenzake taratibu, ahesabu silabi zake, atambue anakata wapi pumzi, kisha ayatafute maneno yake mwenyewe ndani ya nafasi aliyopimiwa na mpinzani wake. Mtu wa namna hiyo hawezi kujibu asichokisoma. Anaweza kukosea hoja, anaweza hata kutukana, lakini amekwisha kukaa na maneno ya mwenzake kwa muda wa saa nzima au zaidi.

Desturi hiyo haikuzaliwa gazetini. Huko Mombasa, Muyaka bin Haji aliyefariki mwaka 1840 aliishi kwa ushairi wa namna hii. Ndiye anayetajwa kuwa alilitoa shairi msikitini na barazani kwa wakubwa akalipeleka sokoni, akatunga juu ya madeni, mapenzi, njaa na siasa za mji. Alikuwa mtetezi wa watawala wa Kimazrui, na alirushiana mashairi na watunzi wa Lamu katika miaka ambayo miji hiyo miwili ilikuwa ikivutana. Tusiipambe historia. Mashairi yale yalikuwa na adabu ya vina na ukali wa wembe, na hayakuzuia vita. Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela kuipiga Lamu na yakashindwa vibaya. Kanuni za kulumbana zinaweza kupanga maneno ya watu wawili. Haziwezi peke yake kuondoa kiu ya kutawala bandari. Hata hivyo mashairi yalibaki. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kutoka katika vichwa vya watu, kwa sababu miaka mingi baada ya vita watu walikuwa bado wanakumbuka nani alisema nini na nani alijibu nini.

Aliyeziandika kanuni hizo na kuzifanya sheria za wazi alikuwa mtu wa bara, na jambo hili litakuwa na uzito tutakapofika mbele. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa sheikh wa Ahmadiyya, baadaye akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri wa sheria, akafariki mwaka 1964 akiwa na miaka 40 tu. Kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilieleza vina, mizani, beti na utoshelevu kwa namna ambayo mtu wa Kigoma au wa Songea angeweza kujifunza bila kukaa miguuni pa malenga wa pwani. Kwake shairi lilikuwa ni kitu cha kuimbwa, na lisiloimbika halikuwa na maana. Hapo ndipo ilipo nguvu ya msimamo wake. Ukikubali kwamba shairi ni wimbo, basi mizani hufuata yenyewe, maana sauti inahitaji mahali pa kupanda na pa kutua. Ni hoja yenye mguu wa kusimamia, na wengi waliompinga baadaye waliipita pembeni bila kuigusa.

Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na hakimu kwa kazi yake, alikwenda hatua nyingine. Alikuza ngonjera, yaani majibizano ya jukwaani ambamo pande mbili hupingana kwa beti hadi zikubaliane. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilienea shuleni kote Tanzania, na kazi zake zilichapwa kwa jina la Ngonjera za UKUTA baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Nazipenda ngonjera kwa kuwafundisha watoto kungoja zamu. Lakini zilikuwa na kasoro ambayo haifai kufichwa. Mshindi alijulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Aliyepangiwa kushindwa alipewa hoja dhaifu, akabisha kidogo, kisha akaomba radhi na kukubali. Kizazi kizima kilijifunza sura ya mjadala bila kuonja hatari yake, ambayo ni kwamba huenda mwenzako ana haki.

Katika hali hiyo ndipo Kichomi kilipoingia. Kelele zilikuwa kubwa kwa sababu kitabu kile hakikujibika. Mwanamapokeo aliyekasirika alikaa na kalamu yake, akatafuta vina vya kufuata, hakuviona. Akatafuta bahari, hakuiona. Njia pekee aliyoijua ya kumkabili mtunzi mwenzake, ile ya kuingia katika kipimo chake na kumjibu humo, ilikuwa imefungwa. Angeweza kutunga tarbia ya kulaani, na walikuwepo waliofanya hivyo, lakini hayo hayakuwa majibizano. Pande mbili zilikuwa zinasema katika vyombo tofauti. Kwa mara ya kwanza watunzi wa Kiswahili walilazimika kubishana juu ya ushairi nje ya ushairi.

Mwanzoni walifanya vibaya. Wanamapokeo walisema kwamba vijana hawa hawajui kutunga, ndiyo maana wanaziita insha zao mashairi. Yaani walimtazama mtunzi badala ya utungo. Wakasema pia kwamba mtindo huo umetoka Ulaya, umeletwa na wasomi wa Chuo Kikuu waliolewa mashairi ya Kiingereza. Upande wa pili ulijibu kwa silaha ileile: vina na mizani vimetoka Uarabuni, ni mali ya mabwana wa zamani, havifai kwa jamii inayojenga ujamaa. Chini ya maneno hayo kulikuwa na mengine yaliyosemwa kwa sauti ya chini zaidi, ya pwani na bara, ya Waislamu na Wakristo, ya nani Mswahili na nani amejifunza Kiswahili shuleni.

Napenda kukaa kidogo hapa, maana kosa la pande zote mbili lilikuwa moja. Kila upande ulidhani kwamba ukionyesha kitu kimetoka wapi, umekwisha kukihukumu. Tuseme vina vilitoka Uarabuni. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728; kitu kilichokaa katika lugha kwa karne nyingi, kikatungiwa harusi, mazishi na vita, kina uraia wake. Tuseme mtindo huru uliigwa Ulaya. Hilo halituambii kama shairi fulani limeandikwa vizuri au vibaya. Isitoshe, madai yenyewe ya asili hayakuwa kamili. Nyimbo na tendi za makabila mengi ya Afrika Mashariki ziliimbwa bila kina cha kati wala hesabu ya mizani 16. Mulokozi, ambaye baadaye aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya tendi za nanga za Wahaya, hakuhitaji kwenda London kutafuta ushairi usio na vina. Ulikuwa kwao Kagera.

Na ile hoja ya pwani na bara ilivunjika kwa kutaja majina tu. Amri Abedi aliyeandika sheria za vina alikuwa mtu wa Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika. Mnyampala aliyezitetea na kuzitumia alikuwa Mgogo na Mkristo. Ebrahim Hussein, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuziacha, alikuwa Mwislamu wa pwani ya kusini. Ukiyapanga majina hayo mezani, unaona kwamba mstari waliouchora watu kati ya pwani na bara haukupita mahali walipodai umepita. Ninasikitika kwamba ushahidi huo ulikuwa mbele ya kila mtu tangu siku ya kwanza, na bado madai yale yaliendelea kwa miaka.

Mambo yalianza kunyooka pale waliobishana walipoamua kuandika vitabu. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Walianza na kazi ngumu: kuzipitia fasili za ushairi zilizotolewa na waliowatangulia, akiwemo Amri Abedi, na kuonyesha mahali zinapofaa na zinapopungukiwa. Kisha wakatoa fasili yao, ndefu na yenye masharti mengi, wakaeleza mdundo, taswira, hisia na mkato wa lugha, wakaviweka vina na mizani mahali pa pambo ambalo mtunzi anaweza kulitumia au kuliacha. Mtu anaweza kukataa hitimisho lao. Lakini sasa alikuwa na kitu cha kukamata, sentensi ambayo angeweza kuinyooshea kidole na kusema, hapa mmekosea kwa sababu hii.

Jumanne Mayoka aliwajibu kutoka upande wa mapokeo katika miaka ya 1980 kwa kitabu alichokiita Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Tazama majina ya vitabu hivi vitatu kwa pamoja: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Vyote vimejengwa kwa namna moja. Sehemu ya kwanza ni hoja. Sehemu ya pili ni mashairi ya mwenye hoja. Kila mmoja alisema namna ushairi unavyopaswa kuwa, kisha akaweka kazi yake mwenyewe ipimwe kwa kipimo hichohicho. Watu hawa waliopingana karibu kwa kila jambo walikubaliana, bila kuandikiana mkataba, kwamba anayehukumu ufundi lazima aonyeshe mikono yake. Desturi ya ukurasa wa mashairi ilikuwa imehamia vitabuni kwa umbo jingine. Zamani uliingia katika kipimo cha mwenzako. Sasa ulitangaza kipimo chako na kukaa chini yake. Sijui mjadala mwingine wa Kiswahili uliokuwa na sharti zuri kuliko hilo.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1978, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliitisha Dar es Salaam semina ya kimataifa ya waandishi wa Kiswahili. Makala zake zilichapwa mwaka 1983, na za fasihi zinaonyesha jinsi sauti ilivyobadilika. Kezilahabi alichangia uchunguzi wa ushairi wa Kiswahili kama msomi anayepima mambo. Unapoandika ukijua kwamba utasimama mbele ya watu na kuulizwa, na kwamba anayekuuliza utakunywa naye chai jioni, unachagua maneno kwa uangalifu zaidi.

Na kulikuwa na ushahidi mmoja uliozivuruga pande zote mbili, ukafaa kwa sababu hiyo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa kijitabu cha kuikosoa serikali ya Kenya kiitwacho Kenya: Twendapi? Gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi yenye jina la Rais Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mashairi yale yana vina na mizani kamili. Aliyedai kwamba umbo la zamani haliwezi kubeba upinzani wa leo alipaswa kukijibu kitabu hicho kwanza. Nacho kiliwapa somo wanamapokeo pia, kwa sababu kilichowashika wasomaji hakikuwa usahihi wa hesabu, ambao hata watunzi wasio na lolote la kusema waliuweza.

Ndani ya diwani hiyo mna utungo wa majibizano, “Mnazi: Vuta N'kuvute”, ambamo ndugu wawili, Badi na Alii, wanagombea mnazi. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini. Kila mmoja anapokea aliyoyasema mwenzake na kuyarudisha, na umbo la tarbia halimruhusu yeyote kuiruka hoja iliyoletwa. Tofauti na ngonjera za shuleni, hapa hakuna anayetiishwa kwa maandalizi. Msomaji anasikia haki ikihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na anatambua kwamba anayemnyima mwenzake mnazi ana sababu anazoziamini kweli. Baada ya kifungo Abdilatif alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ileile ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi mwaka 1979, chuo kimoja na Kezilahabi.

Mwaka 1988 vilitoka vitabu vitatu ambavyo ukivisoma kwa pamoja unaona mgogoro umefika wapi. Cha kwanza ni Tungo Zetu cha Ibrahim Noor Shariff, Mzanzibari, kilichochapwa New Jersey, Marekani. Shariff alirudi kwenye tungo zenyewe, za zamani na za karibuni, akazipanga kwa aina zake na kuonyesha kwamba shairi ni bahari moja tu miongoni mwa nyingi, kila moja ikiwa na hesabu na desturi zake. Nusu ya ugomvi, kwa mtazamo huo, ilitokana na pande mbili kuchukua kanuni za bahari moja na kuzifanya za ushairi wote, huku mmoja akizitetea na mwingine akizibomoa. Cha pili ni Karibu Ndani, diwani ya pili ya Kezilahabi, isiyo na vina na isiyo na haraka ya kujitetea.

Cha tatu ni Chembe cha Moyo cha Alamin Mazrui. Mwandishi alikuwa amewekwa kizuizini na serikali ya Kenya mwaka 1982, akaachiwa mwaka uliofuata, na mashairi mengi ya kitabu hicho yanatoka katika adha hiyo, yakiwemo mashairi huru. Ni mtu wa Mombasa, wa ukoo uleule wa Kimazrui ambao Muyaka aliutungia miaka 150 kabla yake. Kufikia hapo, aliyetaka kusema kwamba mtindo huru ni ugonjwa wa watu wa bara wasiojua Kiswahili alikuwa na jina hilo la kulitolea maelezo, na wanafunzi wa Kenya walianza kufundishwa mashairi ya arudhi, yaani ya vina na mizani, na mashairi huru katika darasa moja, na mwalimu mmoja.